MAKTABA ILIYO MKONONI: TUSOMEJE KUPITIA MTANDAO?





Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu hapa madrasa. Kabati lenyewe mnalijua. Rafu ya juu ni misahafu na Juzuu Amma, ya pili ni vitabu vya fiqhi na sira, ya tatu ni vitabu vya shule ambavyo vingine havina hata majalada, na ya chini ni madaftari ya mahudhurio. Jioni kabla ya Maghrib huja vijana watatu au wanne, wote wanataka kitabu kile kile, na kitabu ni kimoja. Anayekipata anafurahi, wengine wanarudi nyumbani mikono mitupu na mtihani unakaribia.

Hali hiyo ilinisumbua. Nikamwendea mwalimu anayesimamia maktaba katika shule moja ya sekondari nikamuuliza wao wanafanyaje. Akatoa simu yake akaanza kunionyesha vitabu vilivyomo mtandaoni. Nilishangaa, kwani simu ninayo mfukoni kila siku na mambo hayo sikuwa nayajua. Makala haya yanaeleza yale niliyojifunza tangu siku hiyo, pamoja na kosa moja nililolifanya mwenyewe, ili wengine wasilirudie.

KOSA LA MLANGO WA KABATI

Nilipomaliza kulipanga kabati upya, nilitaka mlango wake uwe na maneno ya kuhimiza usomaji. Wakati huo huo nikapokea kwenye simu picha nzuri yenye ile hadithi mashuhuri inayotuhimiza tuitafute elimu hata kama iko China. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, kwenye mawaidha, kwenye maulidi na hata kwenye harusi. Nikachukua rangi na brashi nikayaandika kwa herufi kubwa, na chini yake nikaandika: Hadithi ya Mtume (S.A.W.).

Siku chache baadaye binti mmoja wa kidato cha pili alikuja kurudisha kitabu. Akasimama mbele ya mlango, akasoma, kisha akaniuliza kwa adabu: "Maalim, hadithi hii kaipokea nani?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia aje kesho.

Usiku ule nikaanza kuitafuta. Niliikuta kila mahali, lakini kila aliyeiandika alikuwa amemnakili mwenzake, na hakuna aliyetaja kitabu. Nilipofika kwenye maneno ya wanazuoni wa hadithi ndipo nilipotahayari. Imam Al-Bayhaqi, aliyefariki mwaka 458 Hijria, ameileta katika Shu'ab al-Iman na akaeleza kwamba isnadi yake ni dhaifu. Ibn Hibban amesema haina asili. Na Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, ameiweka katika Al-Mawdu'at, kitabu alichokusanya ndani yake hadithi za kuzuliwa.

Kesho yake nilimjibu yule binti mbele ya darasa zima, nikachukua kitambaa na mafuta ya taa nikayafuta yale maandishi. Nilijilaumu sana. Kumsingizia Mtume (S.A.W.) neno asilolisema ni jambo zito, nami nilikuwa nimelitundika mahali ambapo watoto walikuwa wanalisoma kila jioni.

Lakini tuangalie kwa makini, ndugu msomaji. Simu iliyoniletea ile picha ndiyo hiyo hiyo iliyonifikisha kwenye maneno ya wanazuoni. Nilipopokea tu bila kuuliza, nilipotea. Nilipotafuta chanzo, nilinufaika. Basi tuangalie vitabu viko wapi, tunavipataje, na tunavihakiki vipi.

1. VITABU VIPO WAPI?

(a) Vitabu vya shule. Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo inayoandaa mitaala na vitabu vya kiada, ina Maktaba Mtandao. Mtu hujiandikisha, kisha husoma vitabu bila malipo. Baraza la Mitihani la Tanzania nalo limeweka katika tovuti yake fomati za mitihani, ambazo humwonyesha mwanafunzi mtihani wake umegawanywaje na unapima mada zipi. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaofanya somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu wasidharau fomati hiyo. Iko pia Shule Direct, iliyoanzishwa hapa Tanzania mwaka 2013, yenye masomo ya sekondari yaliyopangwa mada kwa mada. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya korona, ndipo wengi tulipotambua thamani ya vitu kama hivi.

Angalizo: utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024, na mtandaoni bado kuna vitabu na notisi za mtaala wa zamani. Kabla ya kusoma, tazama mwaka wa kitabu na umuulize mwalimu wako wa somo.

(b) Hadithi za watoto. Mradi wa African Storybook ulianza ukiongozwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Humo mna vitabu vya hadithi zenye picha katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na vimepangwa kwa ngazi, kuanzia mtoto anayejifunza kuunganisha maneno. Vinaruhusiwa kupakuliwa, kuchapishwa na hata kutafsiriwa, mradi mwandishi atajwe. Nimewaagiza wanafunzi wakubwa kila mmoja achague kitabu kimoja amsomee mdogo wake kwa Kiswahili, kisha amsimulie bibi kwa Kishambaa. Wenzetu wa upande wa Handeni wanaweza kufanya hivyo kwa Kizigua. Anayeweza kusimulia kwa lugha nyingine aliyoyasoma ameyaelewa.

(c) Vitabu vya dini. Kwa Qur'ani Tukufu, uko mradi wa Tanzil ulioanza mwaka 2007. Waanzilishi wake waliona kuwa maandishi ya Qur'ani yaliyokuwa yakisambazwa kwenye kompyuta yana makosa ya uchapaji. Wakayahakiki kwa mashine na kwa macho ya wajuzi, wakilinganisha na Msahafu wa Madina. Humo imo pia tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani. Kwa hadithi, tovuti ya sunnah.com ina vitabu mashuhuri kwa Kiarabu na Kiingereza, kila hadithi na namba yake. Wanaosoma Kiarabu wanayo Al-Maktaba Al-Shamila, yenye maelfu ya vitabu, ambayo ukishaiweka kwenye kompyuta huifungua bila intaneti.

(d) Maarifa ya jumla. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Inafaa kuanzia utafutaji, lakini kumbuka kuwa inaandikwa na kurekebishwa na watu wa kawaida waliojitolea. Ukiikuta habari humo, angalia imetolewa wapi.

2. MTANDAO UKIWA HAFIFU

Najua wengi mnasema, "Maalim, hayo ni ya watu wa mjini." Ni kweli kwamba huku kwetu milimani mawimbi huja na kuondoka, bando ni fedha, na shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu shuleni. Dawa yake ni kupakua, yaani kukiteremsha kitabu kutoka mtandaoni kikakaa ndani ya simu au memori kadi. Kitabu kikishapakuliwa hakihitaji tena bando.

Mimi nina utaratibu huu. Wiki nzima naandika kwenye daftari vitabu vinavyoulizwa. Nikishuka Korogwe kwa shughuli zangu, navipakua vyote kwa pamoja, kisha kurasa zinazohitajika sana nazichapisha steshenari. Kurasa kumi za karatasi zinaweza kupita mikononi mwa wanafunzi thelathini, na hazihitaji chaji.

Zipo pia programu zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali kama petu. Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inawezesha Wikipedia ya Kiswahili nzima kuwekwa kwenye memori kadi na kusomwa bila intaneti. Kolibri nayo huweka masomo katika kompyuta moja, na waliomo chumbani huunganisha vifaa vyao kwenye kompyuta hiyo bila waya na bila bando. Shule au madrasa yenye kompyuta moja tu inaweza kuanzia hapo.

3. TUHAKIKI VIPI?

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Allah (S.W.) ametuamrisha tuichunguze habari anayoileta mtu asiyeaminika kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua. Na Imam Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake ameleta mafundisho kwamba mtu anayesimulia kila analolisikia amekwisha ingia katika uongo. Imam Bukhari na wenzake walisafiri miji mingi kwa ajili ya kuhakiki wapokezi. Sisi tunashindwa hata kufungua ukurasa wa pili!

Kabla ya kuamini au kusambaza, jiulize maswali haya manne:

Kwanza, nani kasema? Maneno yasiyo na jina la mwenyewe yaache.

Pili, katika kitabu gani na namba ngapi? Namba hutofautiana kwa chapa, kwa hiyo andika pia jina la mlango wa kitabu.

Tatu, wanazuoni wamesemaje? Hadithi kuwemo kitabuni hakutoshi. Ile yangu ilikuwemo kitabuni, na mwenye kitabu mwenyewe ameeleza udhaifu wake.

Nne, mwalimu wako anasemaje? Elimu ya dini hupokewa kwa mwalimu. Simu haikusahihishi matamshi, wala haikuulizi umeelewa nini.

Hapa niongeze tahadhari juu ya programu za akili mnemba, ambazo siku hizi huulizwa swali na kujibu hapo hapo kwa Kiswahili fasaha. Zinasaidia kueleza somo gumu kwa lugha nyepesi. Lakini zinaweza pia kukutajia hadithi, kitabu na namba, na ukienda kitabuni usiikute hadithi hiyo. Ufasaha usikudanganye. Jibu la programu lipitishwe katika maswali yale yale manne.

4. ADABU ZA KUSOMA

Kupakua si kusoma. Nimewaona vijana wenye vitabu mia moja kwenye simu ambao hawajamaliza hata kimoja. Chagua kitabu kimoja. Zima data ili ujumbe usikukatishe. Weka daftari pembeni, na kila ukimaliza sura andika mistari mitano kwa maneno yako mwenyewe. Ukishindwa kuiandika, rudia.

Vile vile tuchunge haki za watu. Si kila kitabu kinachopatikana mtandaoni kimewekwa na mwenyewe. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kabla ya sheria hiyo tunayo amana. Vitabu vya bure vilivyoruhusiwa ni vingi, tuanze na hivyo.

5. KWA WAZAZI NA WALEZI

Baadhi ya wazazi wanaona mtandao wote ni uharibifu. Hofu yao ninaielewa, maana mabaya yamo. Lakini wanazuoni wetu wa mwambao hawakukikimbia chombo kipya cha kueneza elimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa Sahifa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, wakati magazeti yalikuwa jambo geni kwa wengi. Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy aliitumikia Qur'ani kwa kalamu na kiwanda cha chapa, tafsiri yake kamili ya Kiswahili ikatoka mwaka 1969. Walikishika chombo wakakitia elimu.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Mpe mtoto simu kwa muda maalumu, ukiwa umekaa naye. Muulize leo amesoma nini, hata kama wewe hukubahatika kusoma, kwani kule kusimulia kunamfaa yeye. Na mwenye memori kadi au flashi asiyoitumia ailete madrasa, tutaijaza vitabu na kumwazima mtoto asiye na kitu. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea, inshaallah.

Namalizia kwa habari ya mlango wa kabati. Sasa una maandishi mengine, yenye maana ya hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.), kwamba anayeshika njia ya kutafuta elimu, Allah humsahilishia njia ya kwenda Peponi. Chini yake kumeandikwa: Sahih Muslim, namba 2699. Brashi nilimpa yule binti aiandike namba hiyo, baada ya kuihakiki mwenyewe.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa na atusamehe tulipokosea. Amin.

Wabillahi tawfiq.