Fundi wa kucha mwenye kazi ya zamu: Muda wa mazoezi nao ni mtaji

BIASHARA ya kubandika na kupaka rangi kucha haihitaji mtaji mkubwa kuianza. Jijini Dar es Salaam inaonekana toka saluni za Sinza na Kinondoni hadi kwa vijana wanaozunguka mitaani na vikapu vya rangi. Wapo wafanyakazi wa viwandani, hotelini na hospitalini wanaoiangalia kama njia ya kuongeza kipato. Kinachowakwamisha si fedha ya vifaa peke yake, bali muda wa kuuzoesha mkono.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye hesabu. Chukulia fundi anayehudumia wateja siku yake ya mapumziko tu, kwa saa nane, akitoza Sh. 20,000 na kutumia vifaa vya Sh. 6,000 kwa kila mteja. Anayechukua saa tatu kumaliza mikono miwili atahudumia wateja wawili na kubakiwa na Sh. 28,000. Aliyezoea, anayemaliza kwa saa moja na nusu, atahudumia watano na kubakiwa na Sh. 70,000. Kiti ni kile kile na taa ni ile ile. Tofauti ya Sh. 42,000 imeletwa na mazoezi.

Saa zinapatikana wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Aidha, inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki.

Wiki ina saa 168. Zamu sita za saa nane, pamoja na muda wa chakula, ni saa 48. Safari ya kwenda na kurudi ikichukua saa mbili kwa siku ni 12. Usingizi ni 56, na kazi za nyumbani saa nne kwa siku ni 28. Jumla ni saa 144, hivyo zinabaki 24. Ibada, misiba na wageni vitachukua sehemu yake, lakini saa sita za mazoezi zinawezekana: vipindi vinne vya dakika 45 na kimoja cha saa tatu. Kwa wiki 12 hizo ni saa 72.

Anayeacha kazi ya saa za ziada ili apate muda huo ajue kuwa saa hizo hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Malipo anayoyakosa ni gharama, na yaandikwe kwenye daftari pamoja na bei ya taa na rangi.

Kila zamu na zoezi lake

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kutaka kufanya kila kitu katika kipindi kimoja. Akriliki, yaani poda inayochanganywa na majimaji yake, huganda yenyewe kwa dakika chache na haimsubiri mtu. Zoezi hilo liwekwe siku ya mapumziko. Jeli hubaki laini mpaka iingie chini ya taa, hivyo inafaa kwa vipindi vifupi. Kunyoosha umbo kwa msasa na kupaka rangi bila kugusa ngozi ni mazoezi ya dakika 45.

Anayetoka zamu ya asubuhi saa 9 alasiri bado anaupata mwanga wa jua, ambao unafaa kwa rangi. Anayeingia saa 9 alasiri atumie asubuhi, mkono ukiwa umepumzika. Anayetoka zamu ya usiku alale kwanza. Mkono uliochoka hutetemeka, na mashine ya kusugulia kucha hutoboa ukucha na kukata ngozi. Wiki ya zamu ya usiku inatosha kwa vipindi viwili vya jioni kabla ya kwenda kazini.

Kujifanyia mwenyewe si rahisi kwa kila mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unawataka wahudumu wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia, na viwanda vya chakula huwa na masharti ya namna hiyo. Wao watumie mkono wa plastiki, au kucha za bandia zilizobandikwa kwenye kijiti.

Nyumba ya chumba kimoja ina hatari zake. Asetoni hushika moto haraka, isifunguliwe karibu na jiko la mkaa. Madirisha yawe wazi, na watoto wasiwe wamelala humo. Jeli ambayo haijakauka ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio, na fundi mwenye mzio huenda akalazimika kuiacha kazi.

Lini aache ajira?

Ukucha wa mkononi hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Pengo kwenye shina huanza kuonekana, na mteja huhitaji kujaziwa baada ya wiki mbili au tatu. Hapo ndipo ubora hupimwa. Kucha zikibanduka siku ya nne, mteja harudi, hata kama fundi alizimaliza haraka.

Kwa mwenye saluni anayetaka kukodisha kiti, au ndugu anayeombwa mkopo wa vifaa, maswali ni mawili: fundi anamaliza mikono miwili kwa muda gani, na kati ya wateja kumi wa kwanza ni wangapi waliorudi kujaziwa. Asiye na majibu hayo kwenye daftari bado ni mwanafunzi, na mshahara wa zamu ndio unaomlipia ada. Akiuacha mapema, kodi ya chumba itadaiwa kwa mkono ambao haujazoea.