Wapishi Wengi Hawaharibu Supu

Miongoni mwa misemo ambayo wanafunzi wetu hupenda kuipachika katika insha zao, upo mmoja usemao, "Wapishi wengi huharibu mchuzi." Nimekutana nao katika karatasi za shule za upili na za chuo kikuu vilevile, na aghalabu mwandishi huutanguliza kwa maneno, "Wahenga walisema." Leo ningependa kuwauliza walimu wenzangu na wanafunzi wao swali moja tu: wahenga gani hao?

Kwa hakika, msemo huo si wa wahenga wetu. Ni tafsiri sisisi ya msemo wa Waingereza, ambao wamekuwa nao tangu karne ya 16. Hapana ubaya katika kukopa. Neno supu lenyewe tumelikopa kwa hao hao Waingereza, nasi tumelifuga hata likawa letu. Tuna supu ya pweza inayouzwa jioni katika mitaa ya Mombasa, tuna supu ya kichwa cha mbuzi, na vijana wa Nairobi wamefikia hatua ya kumwita msichana mrembo supuu. Hata hivyo, kukopa neno na kukopa methali ni mambo mawili mbalimbali. Neno huja na maana yake, ilhali methali huja na falsafa yake, na falsafa ya msemo huu imewapa watu wengi kisingizio cha kukaa sebuleni huku mtu mmoja akitaabika jikoni.

Wahenga wa Kiswahili walisema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Walimu wengi huzifundisha kauli hizi mbili kama pacha, lakini tukizichunguza kwa makini tutaona kwamba hazifanani. Nahodha ni mtoa amri. Kinacholalamikiwa katika methali yetu ni wingi wa amri, wala si wingi wa mikono. Yeyote aliyewahi kutazama jahazi likitweka tanga anajua kwamba foromali ile nzito haiinuliwi na mtu mmoja; mabaharia hushika kamba kwa pamoja na kuvuta kwa pamoja. Mwenye jahazi hajapata kulalamika kwamba wavutaji wamezidi. Isitoshe, wahenga hao hao ndio waliotuambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Ili nisije nikashutumiwa kwamba naelea katika nadharia, nitatoa mfano kutoka nyumbani kwangu. Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa Aprili, mvua ya masika imekolea. Nilikuwa nimetoka chuoni na mkoba uliojaa karatasi za mtihani ambazo alama zake zilihitajiwa asubuhi ya pili yake. Kitindamimba wetu alikuwa na mafua na hakutaka kushushwa mgongoni. Binti yetu wa Gredi ya 6 alikuwa na kazi ya shule isiyokwisha. Baba yao alikuwa zamu ya usiku. Mama mkwe wangu alikuwa amewasili kutoka Mombasa mchana huo, amechoshwa na safari. Saa ilikuwa 12 na nusu jioni, na jikoni hamkuwa na kitu kilichoiva.

Nilipomwita kifunguamimba wangu, aliye kidato cha 3, aje atusaidie, alijibu kutoka sebuleni kwa ufasaha wa mtahiniwa, "Mama, wahenga walisema wapishi wengi huharibu mchuzi."

Kabla sijafungua kinywa, nyanyake alikwisha mjibu. "Mjukuu wangu, wahenga hao labda walikuwa wameshiba. Njoo ushike kisu."

Supu tuliyoipika ni ya kamande, zile nyekundu zilizokobolewa na kupasuliwa, ambazo mama mkwe wangu huziita adesi, neno ambalo Pwani ililipata kwa Waarabu. Siku ya haraka, hakuna mbegu ya jamii ya kunde iliyo na huruma kuliko hiyo. Haihitaji kulowekwa usiku kucha kama maharagwe, nayo huiva na kuvurugika kwa muda wa dakika 20 hadi 25. Msomaji anayetaka kuijaribu na azingatie jinsi kazi ilivyogawanywa, kwa maana humo ndimo ilimo siri yake.

Binti alichambua vikombe viwili vya kamande na kuziosha, akibadilisha maji mpaka yakawa maangavu. Kifunguamimba alimenya viazi vitatu na karoti mbili, akavikatakata vipande vidogo vidogo, kwani kipande kidogo huiva upesi. Mimi, mtoto akiwa mgongoni, niliteleka maji ya moto ili sufuria isipoteze wakati ikingoja maji baridi yachemke. Mama mkwe wangu alikaanga kitunguu katika mafuta kidogo hadi kikawa na rangi ya dhahabu, akatia vitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, kisha nusu kijiko cha chai cha manjano na kiasi kama hicho cha bizari nyembamba. Harufu ilipopanda, tulitia kamande, viazi, karoti na vikombe vinane vya yale maji yaliyokwisha chemka.

Nyanya mbili zilizokatwa hazikuingia mapema. Mama mkwe wangu, ambaye kama Wamombasa wengine huziita tungule, alieleza kwamba zikitangulia, adesi hukawia kulainika. Maelezo yake ni ya kisayansi kabisa, kwa sababu uchachu huzuia ganda na nyama ya kunde zisilegee. Ndiyo maana tungule zilitiwa viazi vilipokaribia kuiva, na limau likakamuliwa baada ya sufuria kuepuliwa, pamoja na majani ya dania. Mjukuu alishangaa kuona kwamba nyanya wake anazo tungule mkononi ilhali yeye anaziona nyanya, na kutoka hapo ukazuka mjadala wa msamiati ambao sikuwahi kuufikia darasani kwa wiki nzima.

Hata kitindamimba alipata wajibu. Aliambiwa ahesabu bakuli. Tulikuwa watu watano, naye akaleta sita. Alipoulizwa, akasema ya sita ni ya baba. Supu hiyo ya sita iliwekwa kando, na baba yao aliporudi alfajiri aliipasha moto mwenyewe, akala, akaosha sufuria.

Tangu kisu kiliposhikwa hadi tulipoketi kula kwa mkate, hazikupita dakika 45. Karatasi zangu zilisahihishwa usiku huo. Laiti ningeifanya kazi hiyo peke yangu, supu ingekuwa ile ile, lakini mpishi asingekuwa yule yule. Hili ndilo jambo ambalo msemo wa kukopa haulioni: unaujali mchuzi, haumjali anayeupika.

Wapo watakaosema kwamba nimekuza jambo dogo. La, hasha. Ni jambo lililo wazi kwa kila aliye na macho kwamba wanawake nchini mwetu hutumia saa nyingi kwa kazi za nyumbani zisizo na malipo, mara kadhaa zaidi ya saa wanazotumia wanaume. Mzigo huo hauwaangukii akina mama peke yao. Mwanafunzi wa kike anayerudi nyumbani jioni huelekea jikoni, ilhali kaka yake huelekea kwenye vitabu au uwanjani. Kesho yake wote wawili huketi mbele ya mwalimu mmoja na kutarajiwa kuleta kazi sawa ya ziada. Mwalimu anayeshangaa kwa nini msichana amesinzia katika kipindi cha kwanza hana budi kuuliza ni nani aliyepika jana.

Sarufi ya lugha yetu ina somo zuri katika jambo hili. Kutokana na kitenzi pika, Kiswahili hutupatia pikia, pikiwa, pikisha na pikiana. Wapo watu waliokulia katika kauli ya kutendewa: maisha yao yote wamepikiwa. Wapo waliofungiwa katika kauli ya kutendea: maisha yao yote wamepikia wengine. Lakini lugha imetuwekea pia kiambishi -an-, kinachofanya tendo liende na kurudi. Nyumba inayoijua kauli ya kutendeana tu katika zoezi la kitabuni, huku jikoni ikiishi kwa kutendea na kutendewa, haijaijua sarufi.

Sitaki kudai kwamba msemo wa Waingereza hauna ukweli hata chembe. Usiku ule mtia chumvi alikuwa mmoja, naye ni mama mkwe wangu. Lau kila mmoja wetu angepita na kudondosha kijiko chake, tungelala njaa. Lakini hapo ndipo methali yetu inapoonyesha ubora wake, maana imeliona tatizo hilo hilo na kulieleza kwa usahihi zaidi. Chungu huhitaji nahodha mmoja na mabaharia wengi. Anayeamua kiasi cha chumvi awe mmoja. Wanaomenya, wanaoosha, wanaokata na wanaohesabu bakuli wawe wote waliomo nyumbani.

Kwa walimu wenzangu, nina ombi. Mwanafunzi anapoandika kwamba wahenga walisema wapishi wengi huharibu mchuzi, usimkate alama, lakini mweleze chimbuko la msemo huo, kisha mwandikie kandoni ile methali ya manahodha na umtake aeleze tofauti iliyopo baina ya amri na msaada. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, unasisitiza kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda, na kwamba mzazi ashiriki. Basi zoezi la kamande halihitaji kununuliwa kadibodi wala rangi. Linahitaji kisu, sufuria na mtu mzima aliye tayari kusema, "Njoo."

Na kwa wanafunzi, hasa wavulana: likizo inakuja, na mvua nayo haiko mbali. Siku moja mtawaona wazazi wenu wakirejea jioni, nyuso zimesawajika, na meko hayajawashwa. Msingoje kuitwa. Chambueni kamande, telekeni maji, kisha muulizeni aliye nahodha chumvi ni kiasi gani.