Sherehe ya mtoto yenye theluji, bila kugusa mtaji

Kwa mtu aliyerudi nyumbani kutoka ughaibuni, sherehe ya mtoto si jambo dogo. Majirani wanatazama, ndugu wanatazama, na kila mmoja ana hesabu yake kichwani kuhusu fedha ulizorudi nazo. Ukialika watu bila hema na spika, watasema una mkono wa birika. Ukikodi vyote, wiki ya pili unaanza kukopa kwa watu walewale waliokula keki yako. Na kama wewe ni mfanyabiashara wa mpakani, unajua kwamba fedha iliyochotwa kwenye mtaji ili kulipia hema hairudi tena kununua mzigo.

Haya nimeyaona tangu niliporudi hapa Bwera, wilayani Kasese, baada ya kuishi miaka 9 mjini Ottawa, Kanada. Mwezi wa Januari binti yangu alitimiza miaka 7, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusherehekea siku ya kuzaliwa nje ya nchi aliyozaliwa. Ombi lake lilikuwa moja tu: alitaka sherehe yenye theluji.

Ndugu msomaji, usicheke. Ni kweli kwamba Januari kwetu ni kiangazi, na ifikapo saa nane mchana hata mbuzi hutafuta kivuli. Lakini mtoto huyu hakuwahi kuongeza mwaka pasipo theluji mlangoni. Ottawa katika mwezi huo, zipo nyakati za usiku ambapo baridi hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Mwaka ukiwa na baridi ya kutosha, mfereji wa Rideau unaopita katikati ya mji huganda, na watu huteleza juu yake kwa kilomita 7.8. Kwake yeye, siku ya kuzaliwa na theluji ni kitu kimoja.

Kulikuwa na jambo jingine lililonikosesha usingizi. Alikuwa amesoma muhula mzima wa tatu bila kupata rafiki. Wenzake walimwita mzungu kwa sababu ya matamshi yake, na lugha ya Lukonzo alikuwa akiisikia bila kuijibu. Jioni alikaa mlangoni akiwatazama wengine wakicheza. Kwa hiyo sherehe hii sikuitaka kwa ajili ya picha. Nilitaka watoto wa jirani waingie kwetu, na watakapotoka wawe wamelijua jina lake.

MUULIZE MTOTO KWANZA

Mpambaji mmoja wa sherehe alinipigia hesabu ya shilingi 650,000: hema, viti 50, spika, keki ya kuagiza mjini na mapambo meupe. Nilimshukuru nikamwambia nitafikiri. Jioni ile niliketi na binti yangu nikamuuliza: katika theluji, unakumbuka nini hasa? Alitaja vitu vitatu. Kwanza, kuteleza kwenye mteremko pamoja na wenzake. Pili, kurushiana mipira ya theluji. Tatu, kuingia ndani na vidole vimepoa, ukakuta kinywaji cha moto kinakusubiri.

Hema halikutajwa, wala keki ya ghorofa. Nawashauri wazazi wenzangu waanze na swali hilo kabla ya kumwita mtu wa hesabu, kwa sababu mambo mengi tunayolipia katika sherehe za watoto hutakwa na sisi wakubwa.

Hesabu yangu mimi ilikuwa hivi, kwa watoto 18: maziwa lita 5 shilingi 10,000, sukari kilo 3 shilingi 12,000, unga wa ngano kilo 3 shilingi 12,000, mayai 10 shilingi 5,000, mafuta ya kupikia lita 1 shilingi 8,000, mahindi ya bisi 4,000, pamba ya dukani 6,000, chumvi ya mawe 4,000, tangawizi na majani ya chai 3,000, makaa 5,000. Mwenye duka jirani, aliyekubali kunigandishia maji katika friza lake kwa siku mbili, nilimpa 6,000. Nikaongeza sarafu 18 za shilingi 200, ambazo kazi yake nitaieleza. Jumla ikawa shilingi 78,600.

MAPAMBO YA KARATASI NA VIROBA

Weupe si kitu cha kununua, maana kila nyumba unao. Nilitoa shuka mbili na vyandarua viwili vilivyofuliwa, vikatundikwa ukutani, na jioni vikarudi vitandani. Viroba vyeupe vya unga niliviosha, nikavipasua na kuvitandika juu ya mikeka. Pamba ilichambuliwa ikawekwa kwenye kingo za madirisha na juu ya matawi makavu.

Nyota za theluji zilikatwa na watoto wenyewe kutoka kwenye karatasi zilizoandikwa upande mmoja. Chukua karatasi ya mraba, ikunje kona kwa kona ipate pembetatu, kisha ikunje tena katikati. Hapo ishike kwenye ncha iliyo katikati ya karatasi, uikunje sehemu tatu zilizo sawa kama mtu anavyokunja kipepeo cha mkononi, upate kabari nyembamba. Kata vijitundu pembeni kwa mkasi, kisha fungua. Utapata nyota yenye ncha sita, na ndivyo theluji ilivyo kweli: chembe zake hujijenga kwa pembe sita kwa sababu ya namna maji yanavyojipanga yanapoganda. Kazi hii ilichukua saa nzima na haikugharimu kitu. Pia iliwapa watoto wenye aibu kitu cha kufanya kwa mikono kabla ya kulazimika kusema.

MAKOTI YASIYOPATA WATEJA

Wafanyabiashara wa mitumba wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba marobota hayachagui hali ya hewa. Ndani yake hutoka makoti mazito, kofia za sufu na glavu, ambavyo kwenye jua letu hukaa chini ya meza. Wateja wake ni waendesha bodaboda, ambao huyavaa kinyumenyume kuzuia upepo, wapagazi wa mlimani na watu wanaoishi juu kwenye baridi. Koti lililovaliwa na mtu wa Montreal linaweza kumalizia siku zake juu ya pikipiki Mpondwe.

Rafiki yangu mwenye meza ya mitumba aliniazima kofia 18 na jozi 18 za glavu kwa sharti moja: zirudi zimefuliwa. Kwa joto lile hakuna mtoto aliyeweza kukaa na kofia zaidi ya dakika kumi, lakini dakika hizo zilijaa vicheko. Glavu ndizo zilizopata kazi ya kweli, kama tutakavyoona.

Barafu ilipoletwa saa saba, niliifunga ndani ya koti zito la kaka yangu anayeendesha bodaboda. Watoto walipiga kelele: "Mama, utaiyeyusha! Koti lina joto!" Niliwaambia tungoje tuone. Kipande kimoja tulikiacha kwenye sahani kivulini, kikaisha mapema. Kilichovikwa koti bado kilikuwa kigumu. Koti halina joto lake lenyewe. Huzuia tu joto lisipite, liwe linatoka mwilini au linaingia kwenye barafu.

MICHEZO NA CHUMVI YA KATWE

Sasa zile sarafu. Usiku wa kuamkia sherehe, kila sarafu iliwekwa katika kikombe kidogo cha maji, ikagandishwa. Kila mtoto alipewa bonge lake, na mshindi ni wa kwanza kuitoa sarafu yake bila kuvunja kwa jiwe. Wengine walipuliza, wengine walisugua kwa viganja. Mvulana mmoja, mtoto wa mama anayeuza chumvi, alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli la chumvi. Alishinda.

Chumvi hiyo ni ya kwetu. Ziwa Katwe limo katika wilaya hii hii ya Kasese, na chumvi yake imekuwa ikichimbwa na kuvushwa kwenda Kongo kwa vizazi vingi. Ikiingia kwenye barafu huifanya iyeyuke, lakini mchanganyiko wenyewe hupoa chini ya sifuri. Kiwango cha mwisho ni karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, ingawa kopo la nyumbani halifiki huko. Hata hivyo, inatosha kugandisha maziwa.

Kwa hiyo tulitengeneza aiskrimu. Maziwa yaliyochemshwa, kutiwa sukari na kupoa yalimiminwa katika makopo madogo ya maziwa ya unga, vifuniko vikakazwa. Kila kopo dogo likaingia ndani ya kopo kubwa, na nafasi ya katikati ikajazwa barafu iliyopondwa na chumvi, kadiri ya vikombe vitatu vya barafu kwa kikombe kimoja cha chumvi. Kisha watoto wakaketi wanne wanne mkekani, wakiyaviringisha makopo kutoka upande huu hadi upande ule kwa karibu nusu saa. Hapo ndipo glavu zilipohitajika, kwa maana barafu yenye chumvi huunguza ngozi. Mzazi asimwache mtoto aishike kwa mkono mtupu, wala asimruhusu kuilamba. Futa vizuri kifuniko kabla ya kukifungua, chumvi isiingie ndani.

Mipira ya theluji ilikuwa soksi nyeupe zilizokunjwa, na hakuna aliyeumia.

Upande wa kuteleza ndio uliobadilisha mambo. Binti yangu alikuwa ameeleza kwa majivuno jinsi watoto wa Kanada wanavyoshuka vilima kwa vigari visivyo na magurudumu. Wenzake walimsikiliza, kisha wakaangaliana. Wakampeleka kwenye mteremko wa nyasi nyuma ya shamba la bibi yake, wakabomoa shina la mgomba uliokwisha kukatwa, wakakaa juu ya magamba yake yenye utelezi na kushuka kama radi. Yeye alianguka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu msichana mmoja alikaa nyuma yake akamshika kiunoni, wakafika chini pamoja. Hapo hakuna aliyemwita mzungu tena. Alikuwa mwanafunzi wao.

Waliporudi, chai ya tangawizi yenye maziwa ilikuwa imeiva. Tuliwapa pamoja na mandazi yaliyonyunyiziwa sukari iliyotwangwa kwenye kinu ikawa vumbi jeupe, bisi, na keki iliyopikwa kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

NZURURU

Jioni mama yangu aliwakusanya. Aliwauliza kama wanajua theluji inaitwaje kwa lugha yao. Wachache walijibu: nzururu. Ndilo neno lililo ndani ya jina Rwenzururu, nchi ya theluji. Akawasimulia kuhusu Kitasamba, ambaye wazee wa Bakonzo waliamini anakaa huko juu kwenye weupe. Watoto wawili waliokuja na mama yao kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, walifuata hadithi bila mkalimani, kwani Bakonzo wa Uganda na Banande wa Kongo husikilizana. Mlima wenyewe umekaliwa na nchi zote mbili, na kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109.

Binti yangu alishangaa. Alidhani theluji ameiacha Ottawa, kumbe bibi yake ana neno lake tangu utotoni.

Sikuwaficha watoto kwamba weupe huo unaisha. Mwaka 1906, wakati Dyuki wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda vilele hivyo, barafu ya Rwenzori ilifunika eneo la kilomita za mraba zipatazo 7. Leo halifiki hata 1. Mwaka 2022, UNESCO ilionya kwamba barafu za milima ya Afrika huenda zikatoweka ifikapo mwaka 2050. Mtoto wa miaka 7 leo atakuwa bado kijana wakati huo. Kama hatasimuliwa sasa, neno nzururu litabaki bila kitu cha kulionyesha.

Kwenu mliorudi na watoto waliozaliwa mbali: mtoto akiikumbuka nchi aliyotoka, msimkaripie kana kwamba anaidharau ya kwenu. Mwacheni ailete sebuleni, kisha waiteni majirani waje na ya kwao. Na kwenu wenzangu wa mpakani: mtaji uacheni sokoni. Fedha ambayo sikulipia hema ililipa karo ya muhula wa kwanza.

Shule zilipofunguliwa, asubuhi wasichana wawili walisimama nje ya ua wetu wakamwita binti yangu kwa jina lake, waende pamoja. Na jirani yangu mmoja, aliyeuliza kwa sauti siku ile kwa nini hakuna spika, amekuja juzi kuazima makopo. Mwanawe anatimiza miaka 8 mwezi ujao, naye ameomba theluji.