Paka Mkali ni Paka Mwenye Hofu

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari za mnyama mdogo akaaye katika nyumba nyingi za hapa Nyakahanga, naye ni paka. Pengine mtu atasema, "Yako mambo makubwa kuliko paka." Ni kweli. Lakini nyumbani jambo dogo huzaa kubwa, nasi fundisho hili tumelipata kwa machozi ya mtoto wetu.

Kila mtu wa Karagwe ajua sababu ya kufuga paka. Maharage yakiisha kupurwa na kuanikwa hutiwa katika magunia, na panya huyajua magunia hayo kabla hayajashonwa. Basi tulikwenda kwa jirani wa kilima cha pili tukaomba mtoto wa paka. Tukamtia katika gunia, tukalifunga mdomo, asiione njia akarudi kwao, kama ilivyo desturi ya wengi. Tulipofika tulimfunga kamba shingoni karibu na maharage, tukamwambia, "Hapa ndipo mahali pako pa kazi." Watoto wakaja kumtazama, huyu akamvuta mkia, yule akamwinua kwa mguu. Siku ya tatu akamparura mmoja. Sisi tukatwaa fimbo. Siku ya tano akaparura tena, tukazidisha fimbo. Hata wiki ya tatu, binti yetu alipoinama kumpa maziwa, akamwuma mkono, meno yakaingia ndani sana.

Jioni ile majirani wakaja kutupa pole. Mmoja akasema kwamba paka yule ametumwa na mtu. Mwingine akasema arudishwe katika gunia pamoja na jiwe, akatupwe mtoni. Nasi tulikuwa karibu kukubali. Ndipo yule binti, mkono wake umefungwa kitambaa, akasema, "Baba, alikuwa akitetemeka." Neno lile lilituchoma. Siku zote zile tulikuwa tumetazama makucha tu, paka mwenyewe hatukumtazama.

Tangu hapo tulijifunza habari za paka, na haya ndiyo tuliyoyapata. Paka ni mwindaji, lakini naye huwindwa, maana mbwa na mwewe humtafuta. Kwa hiyo amepewa njia tatu za kujiokoa: kukimbia, kujificha, na hizo mbili zikikosekana, kupigana. Mwaka 1911 mtaalamu Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, kule Marekani, aliipima damu ya paka aliyebwekewa na mbwa. Akaona ya kuwa baada ya hofu ile imeingia ndani ya damu adrenalini, yaani maji yatokayo katika tezi zilizo juu ya figo. Maji hayo huuendesha moyo mbio, huitia misuli nguvu na kuzitanua mboni za macho. Basi mwili wa paka mwenye hofu umekwisha kujiweka tayari kukimbia au kupigana. Nawe umfungapo kamba umeikata njia ya kukimbia, ukamwachia ya kupigana peke yake.

Tena kwa kawaida paka haumi bila kuonya. Hulaza masikio nyuma, hujikunyata chini, husimamisha manyoya, mkia huvimba, mboni huwa kubwa, na hutoa sauti kama ya nyoka. Kwa dalili hizo atuambia, "Naogopa, niacheni." Tukizidi kumsogelea, meno ndiyo neno lake la mwisho. Na fimbo haimfundishi upole. Yamfundisha tu ya kwamba mkono wa mtu ni hatari, hata mkono uletao maziwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Waumini hatuna haja ya kumtafuta mchawi aliyemtuma paka yule. Sababu ilikuwa mkononi mwetu wenyewe.

Je, yafaa kufanya nini? Kwanza, fungueni kamba, mkampe mahali pa kujificha. Kule Utrecht, Uholanzi, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, paka wageni katika nyumba ya kutunzia wanyama waligawanywa: wengine walipewa masanduku ya kujifichia, wengine hawakupewa. Wale wenye masanduku walituliza hofu yao upesi kuliko wenzao. Kwetu kikapu kuukuu kilicholazwa ubavu, au nafasi chini ya kitanda, chatosha. Akiisha kuingia humo asitolewe kwa nguvu.

Pili, mwacheni aje mwenyewe. Wekeni chakula karibu naye, mkae mbali kidogo, na kila siku msogee kidogo tu. Mkono mtupu haulambwi. Naye paka hujua mkono umletao dagaa. Msimkazie macho, maana kwake hayo ni matisho. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha ya kuwa mtu akimfumbia paka macho polepole, paka naye hufanya vivyo hivyo, na hupenda zaidi kumsogelea.

Tatu, wafundisheni watoto. Paka asivutwe mkia, asifukuzwe, asishikwe wakati anapokula au kulala. Na aliyetoka kupigana au kukimbizwa na mbwa asiguswe hata atulie, kwa kuwa huweza kumwuma yeyote aliye karibu, asiye na kosa lo lote.

Nne, paka azoezwe mapema. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa paka azoeaye mikono ya watu kwa upole tangu wiki ya pili hata ya saba ya kuzaliwa kwake, kwa kawaida huwa mpole maisha yake yote. Kwa hiyo mwenye paka aliyezaa na awashike watoto wake kidogo kila siku wangali na mama yao, hata wakichukuliwa na majirani wasiogope watu.

Hapa twawaonya sana. Paka aliyekuwa mpole akigeuka kuwa mkali ghafula, yamkini ana maumivu au ugonjwa, na ugonjwa mmoja ni kichaa cha mbwa, ambacho paka naye hukipata. Mtu akiumwa au kuparurwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yatiririkayo na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Msitie majivu wala majani. Paka afungiwe ndani na kuangaliwa siku 10, lakini mtu asizingoje siku hizo ndipo atafute sindano. Kwa maana dalili za ugonjwa huo zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Tena paka apelekwe kwa bwana mifugo achanjwe.

Binti yetu aliosha mkono, tukampeleka hospitali, akachomwa sindano, akapona. Paka tulimfungia katika chumba cha ghala bila kamba, pamoja na kikapu chake. Siku kumi zikapita salama, nasi tukaitia fimbo motoni. Mwezi wa kwanza hatukuona ila macho mawili ndani ya kikapu. Mwezi wa pili alianza kulala juu ya magunia. Mwezi wa tatu, jioni moja, alikuja mwenyewe akajisugua katika mguu wa binti, mguu wa yule yule aliyemwuma. Hajawa kondoo; akiona mgeni hukimbilia darini hata leo. Lakini panya wamepungua, na nyumbani hapana tena apigwaye kwa ajili ya paka, wala paka mwenyewe.

Nanyi walimu wenzetu, mnao darasani mtoto ajibuye kwa ukali kila aulizwapo neno. Kabla ya kunyosha mkono kutwaa fimbo, mtazameni kwanza kama anatetemeka.