Sindano ya Kidole na Wale Walioitafutia Upole

Ukitaka kujua ushujaa wa mtu, usimtazame akibeba gunia la mahindi wala akipasua kuni. Mtazame anapoketi mbele ya mganga na kuambiwa, "Lete kidole." Wengi wetu hugeuza uso upande na kufumba macho, na wengine huuvuta mkono hata sindano ikakosa mahali pake. Na kama watu wazima wako hivyo, watoto watakuwaje?

Jambo hili si la kuchekwa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu adhaniwaye kuwa na malaria apimwe damu kwanza, ndipo apewe dawa. Mtu anayekimbia sindano hununua vidonge dukani kwa kukisia, kumbe homa yake yatoka mapafuni au mahali pengine kabisa. Mwenye kisukari naye, hasa yule ajidungaye insulini, hutakiwa kupima sukari mara kwa mara, pengine mara nne kwa siku. Fanya hesabu: mara nne kwa siku ni mara 1,460 kwa mwaka. Akichoshwa na maumivu akaacha kupima, sukari hupanda na kushuka pasipo yeye kujua, nayo huharibu macho, figo na miguu. Ndiyo sababu wako wahandisi na waganga waliokaa miaka mingi wakifikiri juu ya kitu hiki kidogo kama mwiba, wapate kukipunguzia ukali.

KWA NINI KIDOLE?

Watu huuliza: Mbona hawachomi mahali pengine pasipouma sana, mathalani mkono wa juu? Jibu lake ni kwamba ncha ya kidole ina mishipa midogo ya damu mingi sana karibu na ngozi, na ikitobolewa kidogo tu, damu yaja upesi. Lakini papo hapo pana mishipa ya fahamu iliyosongamana. Kwa ncha za vidole mama huokota kijiwe katika mchele, fundi cherehani hutambua kitambaa chema na kibaya, na kipofu husoma maandishi ya nukta nundu. Kiungo kinachohisi vizuri namna hii hakina budi kuihisi na sindano.

Ila kidole chenyewe si sawa kila upande. Katikati ya ncha, pale tunapogusia vitu, ndipo panapouma zaidi. Ubavuni mwake, pembeni kidogo, maumivu hupungua na damu ni ile ile. Tena waganga hupenda kidole cha kati na cha pete. Kidole gumba na cha shahada mara nyingi vina sugu, navyo vina kazi nyingi kutwa. Kidole cha mwisho kina ngozi nyembamba, na mfupa u karibu. Basi nafuu ya kwanza haikuhitaji mtambo wo wote, wala haina bei.

Mikono ya baridi nayo hutoa damu kwa uchoyo. Afadhali kuiosha kwa maji ya vuguvugu na kuiacha ining'inie kidogo. Ikiwa ngozi yapanguswa kwa spiriti, ingojewe mpaka ikauke kabisa, kwa maana spiriti mbichi huwasha kidondani. Na kile kitendo cha kukikamua kidole kama chuchu ya ng'ombe hakifai. Chauma kuliko sindano yenyewe, tena huchanganya damu na majimaji ya nyama, na kipimo huweza kukosea.

MKONO WA MGANGA NA SPRINGI

Hapo zamani mganga alishika kipande cha chuma chenye ncha, akakipiga kidoleni kwa mkono wake. Pigo lilifuata mkono wa mpigaji. Mganga mwenye huruma nyingi alipiga polepole, na kumbe huyo ndiye aliyeumiza zaidi! Ngozi ni kama mpira. Ukiisukuma kwa kitu cha polepole hubonyea kwanza, ikavuta na nyama ya jirani, ndipo ipasuke. Kitu cha kasi hutoboa kabla ngozi haijapata nafasi ya kubonyea.

Kutumia springi badala ya mkono si wazo la jana. Katika karne ya 18 waganga wa Ulaya, ambao waliwatoa wagonjwa damu nyingi wakidhani inaponya, walikuwa tayari na lanseti za springi. Lanseti ndilo jina la kisu kile kidogo, na jarida maarufu la waganga wa Uingereza, The Lancet, lililoanzishwa mwaka 1823, lilichukua jina lake humo. Lakini lanseti hizo zilikuwa za kutoa damu kwa bakuli. Kutafuta tone moja kwa upole ni kazi ya siku zetu.

Aliyeonyesha haja yake ni mhandisi mmoja wa Marekani, Richard Bernstein. Alishikwa na kisukari mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 12, naye alipofika utu uzima mwili wake ulikwisha kuanza kuharibika. Mwaka 1969 aliona tangazo la mashine mpya ya kupima sukari katika damu. Ilikuwa nzito kama kilo moja na nusu, ikauzwa kwa dola 650, tena iliuzwa kwa waganga tu. Bahati yake mkewe alikuwa daktari, naye akaiagiza kwa jina lake. Bernstein akaanza kujichoma vidole nyumbani mara nyingi kila siku, akaandika hesabu, akabadili chakula na dawa kufuata hesabu hiyo, akapata nafuu kubwa. Waganga wengi hawakutaka kumsikiliza mtu asiye mganga. Yeye naye akaenda kusoma udaktari akiwa na miaka zaidi ya 40! Alifariki mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 90.

Mwaka 1978 waganga wa London na wa Nottingham, Uingereza, walitangaza kwamba wagonjwa wa kawaida waweza kujipima nyumbani. Ndipo haja ikawa kubwa, kwa kuwa kujichoma mwenyewe kwa mkono ni kugumu. Mkono huogopa na kupunguza mwendo dakika ya mwisho. Wakati huo huo kiwanda cha Owen Mumford cha Uingereza kilitoa kifaa kiitwacho Autolet. Mgonjwa aliweka kidole chini ya kibao chenye tundu, akabonyeza kitufe, na mkono mdogo wenye sindano ukashuka kwa nguvu ya springi kama mtego wa panya. Unene wa kibao ndio uliopima sindano iingie kiasi gani. Ilikuwa hatua kubwa, ila mgonjwa aliiona sindano ikimjia, na kuiona ni nusu ya maumivu. Vifaa vilivyofuata vikatengenezwa kama kalamu, sindano ikafichwa ndani.

SINDANO INAYOTIKISIKA

Baadaye wahandisi waliona jambo ambalo macho hayawezi kuliona. Springi ikifyatuka hairudi kimya. Hutikisika mbele na nyuma. Basi sindano haikuingia mara moja, bali iligonga kidondani tena na tena kabla ya kutulia, huku ikiyumba kando. Kwa hiyo katika vifaa kama Accu-Chek Softclix sindano hupitishwa katika njia iliyochongwa, iende na kurudi mara moja tu pasipo kuyumba. Kifaa hicho kina pia daraja 11 za kuchagua kina. Mtoto huanzia namba za chini. Mkulima mwenye sugu za jembe hupandisha. Na usikikandamize mno kidoleni: nyama hujaa katika tundu, na sindano huingia zaidi ya ulivyopanga.

Sindano zenyewe zimekuwa nyembamba, nazo huhesabiwa kwa namba ambazo zakwenda kinyume. Namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Namba 21 ina upana wa kama milimita 0.8; namba 30 ni milimita 0.3, namba 33 ni milimita 0.2 tu. Hapa wako wauzaji wanaosifu wembamba kana kwamba ndio kila kitu. Kwa maoni yangu si hivyo. Sindano nyembamba mno katika kidole kigumu haitoi damu ya kutosha, mgonjwa huchomwa mara ya pili, na mara mbili za wembamba ni mbaya kuliko mara moja iliyo sawa.

Tena mganga hachagui kina kwa kupenda, bali hufuata kiasi cha damu kinachotakiwa. Tone la kawaida la maji ni kama mikrolita 50. Kipimo cha haraka cha malaria chataka mikrolita 5, yaani sehemu ya kumi ya tone. Kipimo cha wekundu wa damu, kama wanavyopimwa mama wajawazito, hutaka kama 10, na baadhi ya vipimo vya UKIMWI hutaka 50. Usishangae basi ukichomwa zaidi safari hii kuliko ile. Kwa wenye kisukari neema kubwa ilitoka kwa waunda mashine kuliko kwa waunda sindano. Mashine za kwanza zilitaka tone nono lenye kuning'inia. FreeStyle iliyotolewa mwaka 2000 ilitosheka na mikrolita 0.3. Tone likipungua, kidonda nacho hupungua.

Na wenye kujipima nyumbani wanawe kwanza. Aliyemenya embe bivu akajipima papo hapo huona sukari imepanda ajabu, kumbe ni sukari ya embe iliyo kidoleni.

KALAMU NI YA MTU MMOJA

Hapa naomba kila baba na mama wasome kwa makini. Mwaka 1990 waganga wa Ufaransa, na wa Marekani vilevile, waliandika habari za wagonjwa wa hospitali walioambukizwa homa ya ini aina ya B kwa kifaa cha springi. Huko Marekani wauguzi walibadilisha sindano kwa kila mgonjwa, lakini kile kibao kinachogusa kidole mara nyingi hawakukibadilisha. Damu kidogo, pengine isiyoonekana kwa macho, ilibaki pale. Kijidudu cha homa hiyo huweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado kikaambukiza. Makosa ya namna hii yalirudi katika nyumba za wazee huko Marekani, hata mwaka 2010 serikali yao ikatoa onyo kwamba kalamu ya kuchomea isitumiwe kamwe na watu wawili, ijapokuwa sindano yabadilishwa.

Basi kama babu ana kalamu yake ya kisukari, na jirani amekuja kuomba "nami nijaribu," asipewe. Ndugu wa damu nao wasipeane. Penye kupima watu wengi, iwe zahanati au mkutanoni, chatakiwa kile kidude cha plastiki kinachofyatuka mara moja tu, kisha sindano hujificha ndani na haifyatuki tena. Una haki ya kutazama kikifunguliwa mbele yako.

MTOTO MCHANGA

Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hachomwi kidoleni, maana mfupa wake u karibu mno na ngozi. Huchomwa kisiginoni, upande wa chini, kulia au kushoto, wala si nyuma kabisa. Ndivyo wanavyopimwa watoto wa mama wenye virusi vya UKIMWI, damu ikidondoshewa karatasi maalumu, na ndivyo wanavyoweza kutambuliwa wenye selimundu kabla hawajaugua. Kina kisizidi milimita 2.4. Kwa kidole cha mtoto wa miezi sita hadi miaka minane, Shirika la Afya Duniani lataja milimita 1.5.

Kwa kisigino wabunifu waliacha kudunga wakajaribu kukata. Kifaa kiitwacho Tenderfoot kina kiwembe kinachopita kwa mviringo mara moja, kikaacha mkato wa urefu wa milimita 2.5 na kina cha milimita 1. Mkato huo wasikika mkali kwa kuutaja, lakini ni wa juujuu, damu yatoka upesi, na mtoto hachomwi mara ya pili. Mama naye amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, au amnyonyeshe wakati huo huo. Imepimwa, na watoto wa namna hiyo hulia kidogo.

Kwa watoto wakubwa kidogo, wazazi waache maneno mawili. La kwanza ni lile la kumtisha mtoto mtukutu, "Nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano!" La pili ni, "Haiumi hata kidogo." Akiisha kuchomwa hatamwamini tena mama yake wala mganga. Aambiwe kwamba itauma kidogo, kisha itakwisha upesi.

Siku hizi wako wanaokihama kidole kabisa. Mwaka 2017 serikali ya Marekani iliruhusu kifaa kiitwacho TAP, chenye sindano 30 ndogo mno, ambacho hubandikwa mkono wa juu na kuvuta mikrolita 100 za damu chenyewe. Wenye kisukari katika nchi tajiri huvaa kitufe cha kubandika begani, kama FreeStyle Libre iliyoanza Ulaya mwaka 2014, ambacho hupima sukari usiku na mchana kwa siku 14. Bei yake bado ni mzigo kwa mkulima, kwa hiyo kidole kitaendelea na kazi yake.

Jambo moja la nyumbani limebaki. Sindano iliyokwisha kutumika isitupwe shambani wala kwenye jalala wanapochezea watoto. Itiwe katika kopo gumu lenye kifuniko, liwekwe juu wasipofika watoto, na likijaa robo tatu lifungwe, lipelekwe zahanati liteketezwe pamoja na sindano zao.