Krismasi ya Babati Hupangwa Mbaazi Zikiuzwa

Desemba ya Babati ni mwezi wa mambo matatu kwa mpigo: sikukuu, kupanda, na maandalizi ya shule zinazofunguliwa Januari. Mfuko ni mmoja. Anayeketi na kalamu tarehe 15 Desemba kupanga bajeti ya Krismasi amechelewa, maana hapo kilichobaki ni kugombanisha mbegu na nguo za watoto.

Pesa ya wilaya hii ina msimu. Mahindi huvunwa katikati ya mwaka, kisha hufuata mbaazi zilizopandwa pamoja nayo shamba moja, na mbaazi ndizo hasa za kuuza. Hata mwenye duka la vitenge pale mjini, ambaye hajashika jembe miaka mingi, anaishi kwa msimu huohuo, kwa kuwa wateja wake ni watu wa Bonga, Galapo na Dareda. Bei nayo huamuliwa mbali: mwaka 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei huku ikaporomoka. Kwa hiyo usimwahidi mtu zawadi kwa bei ya mbaazi ya mwaka jana.

Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichunguza jinsi pesa ya mavuno inavyoisha kabla ya wakati wake kwa wakulima wa Busia, Kenya, na wakachapisha matokeo mwaka 2011. Wakulima wengi walikusudia kununua mbolea, lakini msimu wa kuitumia ulipofika pesa ilikuwa imeshayeyuka. Walipopewa nafasi ya kuilipia mara tu baada ya mavuno, wakaletewa bila gharama ya usafiri, walionunua waliongezeka. Nia walikuwa nayo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni siku ya kulipa.

Nasi tufanye hivyohivyo. Siku mbaazi zinapolipwa, mbegu na sare za shule zinunuliwe kwanza, kisha fungu la sikukuu litengwe na lipewe kikomo. Tuseme ni shilingi 200,000. Chakula cha Krismasi na Mwaka Mpya kikichukua 110,000 na nguo za watoto wawili 50,000, imebaki 40,000 ya mama mkwe, shangazi na sadaka. Anza na majina ya watu, ndipo uende kwenye vitu. Ukianza na vitu, muuza duka atakuongezea majina.

Kwa Waislamu wa mjini hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu Idi husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2026 Idi el-Fitri inaangukia Machi, ghala likiwa limepungua. Fungu lake nalo litengwe wakati wa mbaazi.

Kuna gharama moja ambayo sijaiona kwenye daftari la mtu yeyote: kumfungashia mgeni. Ndugu amekuja kutoka Arusha au Dar es Salaam, hawezi kuondoka mikono mitupu. Anabebeshwa debe la mahindi, maharage, mchele wa Magugu, pengine na jogoo. Kwa kuwa vimetoka stoo, tunaviona vya bure. Lakini debe lililotoka Desemba familia italinunua tena Februari au Machi, wakati mahindi yameadimika na bei imepanda. Simwambii mtu aache kufungasha. Hilo lingekuwa aibu, na mimi mwenyewe nikienda kwa watu natazamia kufungashiwa. Nasema debe hilo liandikwe kwenye bajeti kwa bei ya Machi.

Linalonisumbua zaidi ni mgawo wa VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Mwaka mzima wanachama wananunua hisa, pesa inalindwa kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Kisha vikundi vingi huvunja mzunguko katikati ya Desemba, na akiba yote inamwagika mikononi wiki ileile ambayo kila duka limepanga nguo mpya barazani. Nidhamu ya miezi kumi na miwili inafunguliwa kufuli wiki mbaya kuliko zote. Januari wanachama walewale wanarudi kukopa ada na madaftari, na asiyepata kikundini anaishia kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu.

Katiba ya kikundi inaandikwa na wanachama, na wanachama wanaweza kuibadilisha. Katika kikao kijacho, pendekezeni mgawo utolewe mara mbili: sehemu ndogo Desemba kwa ajili ya sikukuu, na sehemu kubwa wiki ya kwanza ya Januari. Inayosubiri isilale sandukuni. Iwekwe kwenye akaunti ya kikundi benki au kwenye simu.