Madaraka ya Kijiji na Madaraka ya Zanzibar: Masukulu katika Mgawanyo wa Mamlaka

Tanzania si shirikisho, ingawa Muungano wake hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni shirikisho. Tofauti hiyo hudhihirika vizuri zaidi katani Masukulu, wilayani Rungwe, kuliko Dodoma. Halmashauri ya kijiji hutunga sheria ndogo, lakini hazina nguvu hadi ziidhinishwe na Halmashauri ya Wilaya. Nazo za wilaya humsubiri Waziri. Madaraka hayo yote hutokana na Sheria Na. 7 ya 1982.

Zanzibar ina kinga. Kwa mujibu wa Ibara ya 98 ya Katiba ya 1977, mambo ya Orodha ya Pili katika Nyongeza ya Pili, mamlaka ya Serikali ya Zanzibar yakiwemo, hayabadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wa kila upande wa Muungano. Kijiji hakina kinga hiyo. Ibara ya 145 huamuru kuwepo kwa serikali za mitaa, ni kweli, ila aina na majina yake huachiwa sheria ya kawaida.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa sheria ya Bunge, na kazi zake zikaendeshwa na watumishi wa Serikali Kuu kwa takribani muongo mmoja. Ridhaa ya wakazi wa Rungwe haikuhitajika kisheria.